Tundu la Kumi na Saba

Mpango wangu una kurasa kumi na nne.
Juu ya jalada nimeandika: asijue mtu.
Hiyo ndiyo sifa tunayoitafuta sisi watu wa nyaya:
siku ya kazi kubwa kuliko zote
profesa wa sheria afungue barua zake saa tatu asubuhi
na alalamikie kahawa tu.

Awamu ya kwanza, maktaba, likizo ya Januari.
Awamu ya pili, kitivo cha tiba, Jumamosi kuamkia Jumapili,
mtandao wa zamani na mpya ukutani pamoja
kama wapangaji wawili wenye jiko moja.
Otari wa fedha aliuliza, kwa nini isiwe siku moja?
Kata, unga, maliza.
Nikamwambia, jino hung'olewa moja moja, bwana,
hasa mgonjwa akiwa bado anakula.

Awamu ya tatu, Mei, jengo la kilimo.
Huko chini kuna kabati la chuma, kijani cha jeshi,
na swichi ya matundu ishirini na manne
ambayo feni yake inakoroma kama mwenye mafua.
Matundu yote yamelala isipokuwa la kumi na saba.
Taa yake inapepesa, inapepesa, usiku na mchana.
Kwenye ramani halimo.
Waya unaingia ukutani, na ukuta hausemi.

Nyaya hizi alizilaza Zaira Kopaliani
miaka ile Kutaisi ilipopata umeme saa mbili kwa siku.
Alichimba mitaro na wanafunzi, akawalipa jibini na mahindi.
Kila kebo aliivisha utepe, kila utepe akauandika kwa mkono,
wino wa zambarau.
Wino ukapauka. Mshahara nao ukapauka.
Akaenda Thesaloniki kumlea ajuza wa Kigiriki
asiyejua kwamba huyu anayemkata kucha
aliwahi kukishika chuo kizima kiganjani.

Tukafanya wafanyavyo wahandisi wasiojua:
chomoa, kisha ngoja nani atapiga kelele.
Levani akachomoa. Taa ikafa.
Jumatatu kimya. Jumanne kimya.
Nikaandika, kumi na saba, halina mwenyewe,
nikapiga mstari kwa rula.

Alhamisi alfajiri mlinzi akanipigia:
kuna mama hapa mlangoni, ameshika sinia, analia.

Darejani wa chumba cha hariri.
Juu ya majani ya mforosadi viwavi wake,
wembamba kama ncha za penseli, wamekakamaa.
Usiku hita ilizimika. Kipimajoto kiliona,
kengele ikataka kumwita, ikakuta njia haipo.
Tulingoja kelele, na viwavi hawana simu.

Nikampigia Zaira. Nyuma yake redio ya Kigiriki, sufuria.
"Kumi na saba," alinikata, "ni wadudu.
Nimeandika upande wa nyuma wa utepe.
Mliugeuza?"

Hatukuugeuza.

Masinia manne yalipona kati ya tisa.
Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao.
Hawakusema la kufanya mbachao ukishatoboka,
msala ukishalipiwa,
na juu ya mbachao kuna waliolala.

Kwa hiyo mpango una ukurasa wa kumi na tano.
Hauna mchoro. Unasema:
kabla ya kuchomoa, geuza utepe;
usiposomeka, panda ngazi, gonga kila mlango,
uliza ni nani anayeishi humu, hata asiyesema.

Tulihamisha tundu lile kwanza, peke yake, mchana.
Darejani alikaa na kipimajoto cha zebaki mapajani
dakika nne nzima, hakututazama,
hata taa mpya ilipowaka. Akasema, "Nitangoja hadi usiku."
Akangoja. Nami nikangoja naye.

Levani alitaka kuchapa utepe kwa mashine.
Nikamtuma dukani, kalamu ya zambarau.
Nikaandika wadudu,
nikaugeuza,
nikaandika tena.